Vyeo Kabla ya Breki

Nilikuwa nikiingiza cheo cha tatu cha Mkurugenzi wetu kwenye redio ya gari lake pale Idara yetu ya Barabara ilipotangaza kwamba ajali zimekomeshwa rasmi jijini Graz. Kuanzia mwezi uliofuata magari yangeonyana yenyewe kwa mawimbi: la mbele likifunga breki, la nyuma linaarifiwa na kusimama lenyewe. Mabasi ya shule, yaliyoandikishwa kwa jina la Mkurugenzi, ndiyo yangeanza.

Kwetu Austria mtu mwenye cheo haitwi kwa jina tupu, na Idara iliona gari nalo lazima liwe na adabu. Kila onyo, basi, lilitanguliwa na vyeo vya mwenye gari. Fundi wetu, Bi Roswitha, alipima akakuta onyo la Mkurugenzi linachukua sekunde nne. Aliandika barua tatu za kulalamika. Zote zilirudishwa, kwa sababu kwenye anwani alisahau udaktari wa pili wa Mkurugenzi.

“Mwanangu hupanda moja ya mabasi hayo,” aliniambia.

Nilimsihi asubiri jaribio. Mkurugenzi aliendesha mbele, Roswitha akafuata nyuma, mwendo wa baiskeli. Paka akakatiza. Mkurugenzi akafunga breki, na gari la Roswitha likaanza kupokea: Mheshimiwa Mshauri wa Serikali, Profesa, Daktari, Daktari, Mhandisi… Kufika Mhandisi, taa za nyuma za Mkurugenzi zilikuwa zimemwagika barabarani.

Mkurugenzi alishuka ameshika shingo. “Wewe mama, hukuniona?”

“Nilikuona, Mheshimiwa. Ila nilikuwa sijaarifiwa.”

Kanuni ilimkataza dereva kugusa breki kabla onyo halijakamilika. Aliyeitia saini ni Mkurugenzi.

Tuliporudi ofisini aliomba, kwa sauti ya chini sana, vyeo vifutwe, aandikwe kwa jina lake tupu, Trattnig. Nikachukua kalamu. Roswitha akaniwekea mbele faili za mabasi kumi na mawili ya shule, yote yenye vyeo vilevile.

“Haya kwanza,” akasema. “Bwana Trattnig atasubiri kidogo.”

Mkurugenzi alisubiri kwenye benchi la wageni. Mabasi yalikwisha saa kumi kasorobo, na saa kumi jioni sisi hufunga. Gari lake hakuthubutu kuliendesha. Alirudi nyumbani kwa basi la shule, amesimama, kwa kuwa viti ni vya watoto.

Nilikuwa nimemfutia udaktari mmoja. Vyeo vilivyobaki ni vya kesho.