Malalamiko ya Jirani Kuhusu Ukimya wa Darasa la Tatu

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Mimi ni fundi cherehani, jirani yako wa ukuta kwa ukuta na darasa la tatu. Sijambo, ila sina raha. Nakuandikia kwa heshima zote kulalamikia vishikwambi mlivyowagawia watoto. Tangu wavae vile vya kusikilizia masikioni na kuinamia vioo, hakuna hata anayekohoa. Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Ukimya hawakuutaja, na ndio unaonimaliza.

1. Kazi yangu imeharibika. Miaka yote nimekanyaga cherehani kwa mdundo wa saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Sasa mguu haujui uende vipi. Suruali ya seremala imetoka mguu mmoja mrefu, na yeye miguu yake imelingana vizuri tu.

2. Elimu mmeibana. Zamani ilivuja ukutani, tukafaidi sote. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu za ua. Petali nazijua, chavua naijua. Mbegu inaingiaje humo, Mwalimu? Mmeniacha njia panda.

3. Mteja akiuliza nguo yake, nilikuwa namwonyesha ukuta, natikisa kichwa, anakwenda zake. Sasa swali nalisikia, na yeye anajua nimelisikia. Haya ndiyo maendeleo?

4. Hili ndilo linaloniuma. Naishi na mama mzaa chema, mama wa mume wangu. Tumekaa kwa amani kwa sababu hatukuwahi kusikiana. Nikinung'unika kwenye cherehani, alidhani namsalimia, akaniitikia kwa kichwa. Juzi nimenung'unika kwamba anakunja vitambaa vyangu kama anafunga mzigo wa kuni. Lo! Alisikia neno kwa neno. Leo asubuhi amefunga begi, anahamia kwa shemeji yangu. Nampenda yule mama, Mwalimu, na aibu imenijaa.

Kwa hiyo naomba vishikwambi vifungiwe kabatini. Ikishindikana, watoto wapige kelele tupu, hata bila somo, kuanzia kengele ya asubuhi. Na yule mwalimu wao tunayemwita Spika arudishiwe koo lake. Tangu mmpe kazi ya kupitapita akigusa vioo, amekonda. Nikikataliwa, nitahamia dawati la nyuma na cherehani yangu, na wateja wote wanifuate humo humo.

Nisalimie walimu, mlinzi wa geti, na mpishi. Mwambie gauni lake liko njiani.

Wako ninayeteseka kimyakimya,
Fundi wa ukuta wa pili

Nyongeza: Mwalimu, hayo ya juu usiyafanyie kazi. Nikiwa natafuta bahasha, mama ameingia na begi lake, akalikalia katikati ya chumba, akasema kushona kwangu nako kumemchosha siku nyingi, ila huko kwa shemeji hakuna mtu wa kugombana naye. Tumecheka hadi machozi. Akaanza kunisimulia siku ya kwanza alipomleta mume wangu hapo shuleni kwako, mtoto akatoroka kupitia dirishani. Hadithi ilipofika pale mtoto alipojificha, vishikwambi vikaisha chaji, darasa zima likalipuka. Sijasikia kitu! Mdomo wa mama naona unakwenda, mikono inaonyesha kitu kikubwa sijui nini. Tafadhali leteni vyote hapa kwangu vichajiwe, soketi ninazo. Fanyeni haraka, mama anacheka peke yake.