Filamu Imetakata

Jumatatu, 4 Juni 1973

Mauza wa chumba cha mbele karudi na picha ya mtoto wake Azza. Imepigwa kwa Mzee Humoud, kule Mchafukoge. Nyuma ndege iliyochorwa ukutani, mbele maua ya plastiki. Akaniwekea chini ya pua. Akasema, shoga, wako ana miezi saba sasa na baba yake hajamwona hata kwenye karatasi!

Imeniuma kwa sababu ni kweli. Vitalis alienda kujenga Reli ya Uhuru, yuko Mlimba, aliniacha tumbo bado dogo. Rafiki yake Nassibu yuko hapa likizo, anarudi huko Jumamosi. Atabeba picha ya Benjamini. Nimeapa.

Lakini studio ya nini? Chini ya kitanda, sandukuni, iko kamera ya Vitalis, ile ya boksi. Alisema nisiiguse. Aliyesema vile alikuwa hajawa baba bado! Nyuma ina kidirisha chekundu, kinasomeka 5. Filamu ni ya picha nane, kwa hiyo nne kashapiga. Za nini? Pengine timu yake ya mpira. Nne zilizobaki zinanitosha kabisa.

Jumanne, 5 Juni

Uani, saa nne asubuhi. Vitalis alikuwa akisema jua liwe mgongoni kwa mpigaji. Likawa mgongoni kwangu, yaani machoni kwa mtoto. Kilio! Na kamera yenyewe unaitazama kwa juu, mtu anaonekana kinyume. Benjamini akitambaa kulia, mimi namfuata kushoto. Ya kwanza: mguu wangu. Ya pili: ndoo. Ya tatu nikamkalisha ndani ya karai, akacheka, meno mawili nje, nikabonyeza. Nimempata!

Mauza akaja na hereni zake za dhahabu. Kwa Mzee Humoud hupeleka mtoto tu, yeye mwenyewe hapigwi picha na mwanamume. Akafunga mlango wa uani, akavua ushungi, akasema mpige mwenzio, Mama Beni, kabla sijazeeka. Nikampiga, filamu ikaisha.

Hapo likaingia wazo. Kariakoo nzima ina wanawake wangapi kama yeye? Mpiga picha wa kina mama! Nilikoroga uji huku nawaza rangi ya bango. Uji ukaungua.

Jumatano, 6 Juni

Nimepeleka filamu kwa Mzee Humoud. Shikamoo, marahaba. Foleni ya watu wa picha za vitambulisho imefika barabarani. Akasema filamu itasafishwa wiki ijayo. Wiki ijayo! Nassibu atakuwa Mlimba. Nikamuuliza kijanja, kwani inasafishwaje, baba? Akajibu huku anamnyoosha mtu kola: gizani, kwa maji na dawa, unasuuza sana, unaanika.

Basi! Kufua nimeanza nikiwa na miaka sita. Nikairudisha filamu kifuani, huyo nyumbani.

Nikafunga dirisha, nikaziba mlango kwa kanga. Maji ya moto, sabuni ya mche, na buluu kidogo, ile ya kung'arishia nepi, ndiyo dawa. Nikasugua polepole kama shingo ya mtoto. Utelezi ukatoka vidoleni. Uchafu ule! Maskini, mwaka mzima sandukuni. Nikasuuza maji matatu, nikaianika kambani katikati ya nepi. Ilipokauka nikaiinua juani. Imetakata! Haina hata doa.

Alhamisi, 7 Juni

Sitaki kuandika.

Naandika. Mzee Humoud aliinyoosha filamu mlangoni, akachungulia, akaniambia analiona duka la ng'ambo ya barabara vizuri kabisa. Nani kaisafisha? Mimi, nikasema, kwa mche. Akakaa. Akauliza, na ile dawa niliyokwambia, mwanangu? Nikasema nilitia buluu. Yeye hakucheka. Foleni ndiyo ilicheka. Akanieleza taratibu kwamba kwao wapiga picha kusafisha si kuondoa kitu. Ni kukitoa kilichojificha kikaonekana. Mimi nimeondoa. Akasema nimlete mtoto kesho baada ya sala ya Ijumaa, nisipange foleni.

Mauza alipopata habari alisema alhamdulillahi. Kumbe tangu juzi alikuwa na hofu mumewe asije akakiona kichwa chake wazi kwenye karatasi. Halafu akaongeza: lakini shoga, wewe umezaliwa kufua!

Ningecheka naye. Ila jioni kaja Nassibu, anajikuna kichwa. Ana barua ya Vitalis, imekaa kwenye mfuko wa koti wiki tatu, samahani shemeji. Nimeisoma kwa kidole, neno kwa neno. Vitalis anasema mle kwenye kamera mna picha nne za mama yake. Alimpiga kwao Ndanda, alipoenda kumuaga. Mama alivaa ndonya yake ya sikukuu, kile kisahani cha mdomo wa juu, akakataa kutulia, anacheka tu. Hakupigwa picha nyingine maisha yake yote. Na tangu azikwe Februari, Vitalis hakuweza hata kufika, sura yake inaanza kumtoka. Filamu ipeleke ikasafishwe, mke wangu, unitumie hata moja.

Imeshasafishwa, Vitalis.

Ijumaa, 8 Juni

Kamera ya Mzee Humoud ina miguu mitatu na shuka jeusi. Alipoingiza kichwa mle, Benjamini alipiga yowe, akadhani babu kamezwa. Mzee akatoka, akaingia, akatoka tena na kofia upande, mtoto akaangua kicheko. Hapo hapo! Jioni picha ikawa tayari. Masikio yale, yametokeza kama vishikio vya kikombe. Ni ya bibi yake. Nikalia palepale dukani.

Nikamweleza Mzee yote. Akawa anafuta kioo cha kamera ambacho hakikuwa na vumbi. Akasema picha iliyokwenda imekwenda, mwanangu, hiyo haina dawa. Mwandikie mumeo ukweli, kwa mkono wako. Nikasema ndiyo, baba. Nilimaanisha.

Jumamosi, 9 Juni

Nassibu kaondoka na picha ya Benjamini katikati ya kadibodi mbili. Barua nimeandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ukweli, nikaichana. Ya pili nusu ukweli, nikaichana. Ya tatu inasema filamu iko kwa fundi, avute subira. Hiyo ndiyo iliyoondoka. Nassibu alipokata kona ya Msimbazi moyo ukanipasuka, nikamkimbilia, mtoto mgongoni, kandambili moja. Sikumkuta.

Nimekaa kizingitini, najuta. Mtoto kanikamata pua.

Lakini nimewaza. Mama mkwe alikuwa kimo changu. Kaniki ninayo. Unga wa muhogo kichwani, mvi tayari. Kile kigurudumu kilichoviringiwa filamu kina visahani viwili, nimechomoa kimoja, nimekibandika juu ya mdomo kwa uji mzito. Kwenye kioo ni ndonya kabisa! Na kwa kuwa mama hakutulia, Mzee Humoud akibonyeza tu natikisa kichwa, sura inavurugika. Jumatatu asubuhi naenda kupigwa picha.

Vitalis atagundua wapi? Si ni mama yake tu!