Paka Wangu, Visigino Vyangu na Kiti cha Mwenyekiti

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Nimegundua jambo. Kubwa! Paka wetu Doortje ananifuata. Nikienda jikoni, yumo. Nikipanda ngazi, yuko nyuma yangu unyounyo. Nikiingia msalani anangoja mlangoni, na nikichelewa kutoka anaanza kulia kama kafiwa. Leo nimejaribu kumpoteza. Nimetoka sebuleni, nikapita stoo, nikazunguka kwa mlango wa nyuma. Kugeuka, huyo hapo!

Swali: kwa nini?

Nimemuuliza mke wangu, Sietske. Hakuinua hata macho kwenye ufumaji wake. Amesema paka anamfuata mtu akidhani mtu huyo anaelekea kwenye chakula, na mimi, mzee wa watu, kila ninakoelekea huwa ni kwenye chakula. Hizo ni kejeli. Nimezipuuza.

Jibu ninalo mwenyewe. Ni uongozi. Mnyama humfuata kiongozi, hata asiyekwenda shule anajua. Na jambo limekuja wakati wake. Miaka yote hii nimekuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya mtaa chini ya Bwana Hoekstra. Nimemshikia mwavuli. Nimempangia viti. Watu hapa Groningen, mtaani kwangu mwenyewe, wananiita "yule wa viti". Sasa Hoekstra anahamia kwa binti yake, na Jumatano ya wiki ijayo, kwenye kura yetu ya kila mwaka, tunachagua mwenyekiti mpya. Mkutano, kwa zamu, uko nyumbani kwangu!

Nasema bila haya: nakitaka kiti hicho kuliko kitu chochote.

Mpinzani ni mmoja tu. Jikke Terpstra wa nyumba ya mkabala, mwalimu mstaafu wa kuogelea, sauti yake kama filimbi. Anasifiwa eti anajua kukusanya watu. Paka hana.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Mpango uko tayari. Mtaani kwetu hakuna anayefunga pazia, na hakuna anayechungulia. Giza linaingia, taa zinawaka, wewe uko mezani na viazi vyako, na jirani anapita nje shingo imenyooka kama askari wa gwaride. Anajitia hamnazo. Ndio ustaarabu wetu. Lakini kuona, anaona! Mimi najua rangi ya kila zulia jipya kuanzia kona hadi kwenye mfereji.

Kwa hiyo kampeni yangu ni dirisha langu. Kila jioni nitatembea sebuleni, taa zote zinawaka, paka nyuma yangu. Mtaa mzima utaona kiongozi anavyofuatwa, na hakuna atakayeweza kusema nimejitangaza.

Nimeanza leo saa kumi na moja. Nimeizunguka meza kwa heshima zote, mikono nyuma. Nimegeuka. Hakuna paka! Doortje alikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, mgongo kwangu, anajilamba mguu. Nimemwita. Nimembembeleza. Nimeinama, mkono mbele, nikimpigia mdomo ksss ksss. Ndipo Bwana Wiersma akapita na mbwa wake, shingo imenyooka. Mbwa ndiye aliyegeuka kunitazama.

Nimetahayari. Mara tu nilipozima taa, huyo miguuni kwangu! Mnafiki mkubwa.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Nimekwenda kwa daktari wa wanyama, binti mmoja anaitwa Roelfien. Nimekwenda bila paka, akashangaa kidogo, akatazama chini ya kiti.

Nimemuuliza kisayansi kabisa kwa nini paka humfuata mwenye nyumba. Akasema sababu ni nyingi. Njaa. Joto. Upweke. Anakagua eneo lake kama askari wa zamu. Tena milango iliyofungwa inamkera. Na wengine, akasema, wamemzoea tu mtu wao, wanapenda kuwa karibu naye, basi. Nikamuuliza kuhusu uongozi. Akasema hapana, baba, paka hana kiongozi. Nikambana: je, sayansi imeukana uongozi moja kwa moja? Akashusha pumzi, akasema kwenye sayansi ni vigumu kukana kitu moja kwa moja.

Haya! Daktari amethibitisha.

Ushauri wake ulikuwa wa kivivu. Eti nisimwite, nisimkodolee macho, nifanye shughuli zangu tu, atakuja mwenyewe. Binti wa watu hajui siasa. Uchaguzi ni Jumatano!

Wakati wa kurudi nimenunua sadini za kopo. Shughuli iko kwenye mafuta yake.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Balaa!

Mtu mwenye akili hawezi kujipaka mafuta ya sadini kwenye visigino mbele ya dirisha lililo wazi. Kwa hiyo alasiri, Sietske alipokwenda kwaya, nimefunga mapazia. Ya mbele yote. Yalitoa vumbi mpaka nikapiga chafya. Nimekaa, nimevua soksi, nimefungua kopo.

Kengele ya mlango.

Mama Wiersma, macho mekundu, sufuria ya supu ya njegere mikononi. Amenishika bega, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Sietske alikwenda bila maumivu. Sijamjibu, kengele tena. Hoekstra, amevaa tai nyeusi! Akasema alipoona pazia limefungwa alijua nyumba hii ina msiba. Nyuma yake huyo Jikke na maua, akaniambia pole sana jirani, usibebe peke yako, mtaa mzima uko nawe, na wakati anasema hivyo alikuwa tayari anapangia watu zamu za kuniletea chakula. Uso wa huzuni, mdomo wa kampeni!

Nimesimama pale peku, kisigino kimoja kinang'aa. Paka ananilamba. Hoekstra akanong'ona kwamba wanyama nao wanaomboleza.

Ndipo Sietske akaingia na baiskeli yake, anaimba. Mama Wiersma akapiga yowe, supu chini.

Kuwaeleza kulichukua muda. Nimesema nilikuwa nasafisha mapazia. Sietske alingoja waondoke, kisha akasema mengi.

Somo la leo: pazia halifungwi. Nimefikiri vizuri, na kumbe sikuwa na haja ya kulifunga. Watu wetu hawachungulii. Nikijipaka sadini dirisha likiwa wazi, wote watajitia hamnazo. Nikitembea na paka, wote wataona. Sijui kwa nini sikuliwaza hili mapema.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Jioni nimekaa kwenye kiti changu karibu na dirisha, taa juu ya kichwa, nikajipaka visigino polepole na kwa utulivu. Nimesimama. Doortje nyuma yangu. Nimeizunguka meza, naye. Nimekwenda kwenye kabati, naye. Nikaenda mbio kidogo, naye mbio, mkia juu kama bendera!

Na mtaa umeona. Wiersma amepita na mbwa wake mara nyingi mpaka mbwa akakaa chini na kugoma. Wengine walipunguza mwendo wa baiskeli kabisa. Shingo zote zimenyooka. Moyo wangu ulijaa. Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu idara ya maji nimejiona mtu.

Kwa Jikke ni giza. Dirisha lake la juu halina hata mshumaa. Amekata tamaa, analala mapema. Ila baiskeli zimeegeshwa tele ukutani kwake. Nadhani ni jamaa zake wamekuja kumpa moyo.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Nimeongeza vitu. Kofia. Kupunga mkono. Hotuba bila sauti, midomo tu na ishara, ili anayepita ahisi uzito wake. Tatizo ni moja, ulimi wa paka. Unakwaruza na unatekenya. Katikati ya hotuba nimecheka kama mtoto, nikajikwaa, nikaanguka na chungu cha maua, nikamaliza hotuba nikiwa magoti chini, Doortje juu ya mgongo wangu. Sikuiacha heshima yangu. Nimeendelea kupunga mkono.

Nikasikia kama makofi kutoka mbali. Upepo huo.

Baiskeli kwa Jikke zimezidi. Ana ukoo mkubwa, yule mama.

Sietske amerudi kutoka kwa mwoka mikate, mashavu yamemwiva. Anasema kila mtu dukani alimsalimia huku akiuma midomo. Ameniambia Lubbert, mume wangu, watu wanaona. Nikamwambia ndiyo shabaha! Akaniuliza kama nimegundua kwamba paka hanitazami usoni hata mara moja, anatazama visigino. Wivu huo. Zamani Doortje alikuwa akimfuata na yeye pia.

Jumatano, tarehe 12 Novemba



Walikuja wote. Viti nilivipanga mwenyewe, duara, kama kawaida. Kahawa, biskuti moja moja kama desturi yetu, kisha kifuniko cha bati la biskuti kikarudi mahali pake. Visigino nilikuwa nimevipaka kabla, dirishani. Wagombea hatupigi kura, ndio utaratibu.

Jikke alisema maneno machache. Eti anawashukuru kwa jioni nzuri walizokaa pamoja, na milango yake iko wazi. Maneno matupu.

Zamu yangu nimesimama katikati ya duara. Nimesema kiongozi wa kweli hatafuti wafuasi. Nikasema tazameni! Nikaanza kuzunguka, na Doortje nyuma, unyounyo, hatua kwa hatua. Nilidhani watalia kwa hisia. Na walilia! Mama Wiersma alijifunika uso na leso. Wiersma mabega yalikuwa yakimtingishika. Wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Nikajua nimekipata.

Hoekstra amehesabu kura. Jikke amezoa karibu zote. Mimi moja!

Nimewatazama mmoja mmoja nijue ni nani huyo mwenye akili. Nimemshuku Hoekstra mwenyewe.

Kisha Hoekstra akasimama kumpongeza Jikke. Akasema tangu ajue mtaa huu hajawahi kuona majirani wote wakikaa chini ya paa moja, jioni baada ya jioni, wakicheka pamoja. Nani angefikiria, akasema, kile chumba cha juu, viti vimepangwa mbele ya dirisha, taa zimezimwa, kahawa tele, na bati la biskuti halifungwi.

Nimeuliza jioni za nini.  Wiersma akatazama viatu vyake. Mwishowe Jikke, kwa ile sauti ya filimbi lakini kwa upole, akasema Lubbert, jirani yangu, tulikuwa tunakutazama wewe.

Kichwa kiliniwaka. Nikawauliza ustaarabu umekwenda wapi, sisi si watu wa kuchungulia! Mama Wiersma akajibu kwamba hawakuchungulia hata kidogo. Kuchungulia ni kwa mtu anayepita. Wao walikuwa wamekaa.

Wakaniomba niendelee majira yote ya baridi. Jikke akaongeza, kwa nia njema nadhani, kwamba mwakani angependa nimsaidie kupanga viti.

Nimeumia. Sitaki kuficha humu. Nimewapa kahawa yangu, nimewapa biskuti zangu, na kura zao nimemkusanyia mimi mwenyewe yule mama, kila jioni, kwa kofia na kwa visigino. Walipoondoka nilikaa jikoni nikatazama ukuta.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Nimeosha visigino kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Nimevaa soksi nene, jozi mbili. Sadini nimetupa. Nimepanda darini, nikakaa juu ya sanduku, sikutaka kuona mtu.

Ngazi ikalia kidogo. Doortje. Sikumwita. Sikumtazama. Nimehamia upande wa pili, kwenye mabomba ya maji, akaja. Nimeshuka kuchukua blanketi, akashuka. Nimepanda, akapanda. Halafu akalala juu ya miguu yangu, akaanza kukoroma kwa raha, na mimi machozi yakanilengalenga kwa furaha.

Baadaye akaja Sietske na kikombe cha kahawa na biskuti. Biskuti mbili! Akakaa kwenye sanduku, akaniambia yule paka ananifuata tangu siku tuliyomleta, hata wakati ule niliougua mafua nikawa sili kitu wala sinuki chakula. Anakupenda tu, mzee wangu, akasema, wala usiniulize kwa nini. Kisha akasema ile kura moja ilikuwa yake.

 Tumekaa hapo sote watatu mpaka kahawa ikapoa.

Sasa nimeteremka, nimefikiri sana, na nimeelewa. Mafuta ya sadini yanachelewa kufanya kazi. Yanahitaji muda yaingie. Sabuni haiyatoi, soksi haziyazuii, na kama yamempata hata Sietske, basi nguvu yake si mchezo.

Kosa langu lilikuwa kuanza wiki moja tu kabla ya kura. Mwakani nitaanza kupaka mwezi wa tisa.