Soketi ya Jiko Bafuni

Jumatatu, 3 Machi
Nimepewa kuchora! Miezi mitatu ya kuchonga penseli za watu imekwisha. Mhandisi kasema kuna nyumba mbili pacha, zimetenganishwa na ukuta mmoja. Mimi nichore umeme wa nyumba ya kulia. Mwanafunzi mwenzangu, ninayemwita Bi Futi kwa sababu haachi futi yake ya kupimia, achore wa kushoto. Atakayechora vizuri ataajiriwa. Nafasi moja tu. Shemeji aliyeniombea kujifunza hapa keshautangazia ukoo mzima kuwa ni yangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimechora sebule. Taa moja, swichi nne. Sijui tatu zinawasha nini. Bi Futi kaenda kwenye jengo kupima milango inafungukia upande gani, eti swichi isije ikajificha nyuma ya mlango. Mbwembwe.

Jumatano, 5 Machi
Pacha si pacha? Bi Futi alipotoka kunywa chai nikanakili taa na soketi zake zote kwenye kompyuta yake, nikazibandika kwenye ramani yangu. Dakika tano. Kutwa nimekunja uso ili nionekane nafikiri. Nimemwomba mke wangu anipigie pasi shati la kuajiriwa.

Alhamisi, 6 Machi
Mhandisi kaniuliza, kwa upole ulionitisha, kwa nini soketi ya jiko iko bafuni na kitufe cha kengele ya mlangoni kiko chooni. Nikajibu kwamba mgeni anaweza kubanwa popote. Hakucheka. Kumbe nyumba zimepeana migongo: jiko la Bi Futi kushoto, langu kulia. Nimeona aibu hadi masikio yakawaka. Nimepewa hadi kesho. Bahati nzuri kompyuta inaweza kugeuza mchoro kama kwenye kioo.

Ijumaa, 7 Machi
Safari hii nilinakili ukurasa wake mzima, nikaugeuza. Kila taa mahali pake! Ila na maandishi nayo yaligeuka. Mhandisi kaazima kioo cha dada wa mapokezi, akasoma taratibu mbele ya ofisi nzima, hadi pale pembeni panapoandikwa jina la mchoraji. Jina la Bi Futi. Kaajiriwa. Nilimpongeza, roho ikiniuma.

Jumatatu, 10 Machi
Mhandisi kanihurumia. Nafasi ya mwisho: kibanda cha mlinzi. Chumba kimoja, taa moja, swichi moja. Kasisitiza niende nikakipime mwenyewe. Kiko hatua ishirini kutoka kwenye kiti changu. Nimejiapiza kubadilika, na nimeanza leo leo: nimemuuliza Bi Futi, kwa adabu kabisa, kama amewahi kuchora kibanda cha mlinzi, na faili lake kaliweka wapi.