Bi Harusi na Kinga ya Mbwa wa Balozi

Jumatatu, 3 Juni

Kuku wangu ameliwa! Bi Harusi, mweupe pe, mtagaji asiye na mfano. Simwoni bandani, simwoni jikoni, simwoni chini ya gari la mwanangu. Nachungulia kwenye seng'enge: mbwa wa jirani yetu, balozi wa nchi ya kigeni, amejilaza kibarazani, manyoya meupe mdomoni. Ameshiba, shetani yule. Hata haya hana.

Nikaenda getini kwa balozi. Mlinzi akasema bibi, samahani, humu ndani ni kama nchi ya watu, siwezi kukuingiza. Nchi ya watu! Hapo, ambapo nikipiga chafya jikoni kwangu wao wanaitikia? Nikamwambia basi nchi yako imemla kuku wa nchi yangu, na vita vingi vimeanza kwa kidogo kuliko hicho. Akacheka, meno yote nje. Sura yake nimeiweka.

Kituoni askari akasema mbwa wa balozi hagusiki, nyumba nzima ina kinga. Mimi nimezaa, nimelea, nimezika mume, sina kinga. Mbwa anayo!

Jumanne, 4 Juni

Mungu hakunipa cheo, kanipa mtoto mwenye cheo. Mwanangu ni mbunge, tena Mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje. Nikamsubiri mpaka akae mezani, aanze kutafuna, asiweze kukimbia.

Akaniomba nimwache. Kamati yake ina mkataba wa daraja la mto wa mpakani, baina yetu na nchi hiyo hiyo ya balozi. Bunge lisipouridhia kabla ya kufungwa tarehe 28, mambo yatalala mpaka mwaka ujao. Kana kwamba sijui! Binti yangu ameolewa ng'ambo ya mto ule. Kivuko kimekufa, mtumbwi magoti yangu hayauwezi. Mjukuu wangu ana meno sasa na sijampakata. Daraja nalitaka kuliko wabunge wote wakiwekwa gunia moja.

Ila nikamwambia, humo kwenye mkataba ongezeni kuku. Mstari mmoja tu. Akasema Mama, mkataba ukishatiwa saini, Bunge haliongezi neno. Tunaukubali mzima au tunaukataa mzima. Nikamuuliza, sasa ninyi wanawaitia nini pale, kuunusa? Mkewe akapaliwa na chai. Nikamtazama. Akapona.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemkamata mbwa! Amepita kwenye tundu la seng'enge kufuata mfupa. Nikafunga mlango wa stoo. Kama kwao ni nchi ya watu, basi kwangu ameingia bila viza.

Nikamtumia balozi salamu kupitia mlinzi: aje mwenyewe, aombe radhi kwa mdomo wake, apewe mbwa wake. Mlinzi leo hakucheka.

Mwanangu akaja mbio kutoka bungeni, tai begani. Mama, umemteka mbwa wa ubalozi! Nikasema sijateka, nimezuia. Akafungua stoo. Mbwa alikuwa amekwisha kula kiatu kimoja cha ngozi cha mwanangu. Nikamwambia unaona, leo kiatu, juzi kuku, kesho utamkosa mama. Akambeba kama mtoto mchanga mpaka getini, akainama, akaomba radhi. Yeye! Mwenye kuku aliyeliwa! Nimezaa mti wa kuning'inizia nguo.

Jumatano, 12 Juni

Redio imesema Kamati inapokea maoni ya wananchi kuhusu daraja. Mimi ni nani kama si mwananchi? Nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda bila kumwambia mtu. Pale mlangoni nikajiandikisha kama mfugaji. Uongo uko wapi? Nafuga.

Ukumbi mzuri, mazulia, maji ya chupa. Karani akatuonya kila msemaji aseme juu ya kifungu cha mkataba, si mambo ya kwao. Nikawa nimejipanga: kuna kifungu cha mifugo itakayovuka daraja. Kuku ni mfugo. Nimewapata!

Zamu yangu ikafika. Nikainua macho, nikamwona mwanangu juu pale kwenye kiti kikubwa, amejikunja kama samaki mkavu. Uchungu wa mama ukanipanda. Nikasema kwenye kipaza sauti, mwanangu, kaa wima, watu wanakutazama.

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Makamu wake ni mbunge wa upinzani, wanamwita Tarumbeta kwa sababu hahitaji kipaza sauti. Akasimama, amefurahi kama aliyeokota. Akasema kanuni iko wazi: shahidi akiwa ndugu wa damu wa Mwenyekiti, Mwenyekiti anatoka kitini. Mwanangu akakusanya makaratasi yake, akatoka. Wima kabisa, safari hii.

Tarumbeta akakalia kiti. Akaniomba niendelee, mama yetu mpendwa. Nikaendelea! Nikaeleza kuku, mbwa, kinga, mlinzi na meno yake. Akagonga meza, akasema mnasikia, wageni wanakula kuku zetu nasi tunawajengea daraja! Sijasema hivyo. Ila alisema vizuri. Akaahirisha kikao mpaka Alhamisi ya tarehe 27, eti suala la kuku lichunguzwe.

Kimeahirishwa kwa ajili yangu! Waliosoma mpaka wakaota upara hawajawahi kuahirisha hata chai.

Alhamisi, 13 Juni

Binti yangu amepiga simu. Huko ng'ambo redio imetangaza daraja limekwamishwa na ajuza mmoja. Nikasema ajuza ni mama yake huyo mtangazaji. Akalia. Akasema Mama, mtoto amejifunza kusema bibi, anaiambia picha yako. Nikamwambia haki ni haki. Akakata simu.

Mwanangu anakula chumbani. Mkewe ananipa chai bila sukari. Wote wamesahau kwamba aliyekosewa ni mimi.

Sijalala vizuri. Ni joto.

Jumatatu, 24 Juni

Balozi amekuja mwenyewe. Kumbe mtu mfupi tu. Boksi mkononi, anaongea lugha yetu vizuri, shikamoo mama na yote. Nikaitikia kwa nusu mdomo. Akafungua boksi.

Bi Harusi! Mzima, mnono, na vifaranga chini ya mbawa. Alikuwa ameatamia nyuma ya nyumba ya balozi, kwenye majani makavu, tangu siku ile alipopotea. Mtunza bustani kamgundua leo vifaranga walipolia. Na yale manyoya? Balozi akasema mbwa alirarua mto wa kochi. Akaomba radhi kwa usumbufu. Kwa mdomo wake!

Nikasema nimekusamehe. Mwanangu, aliyekuwa nyuma yangu, akatoa sauti kama tairi linalopungua upepo.

Akanieleza polepole, kama anaongea na mgonjwa. Alhamisi ndiyo nafasi ya mwisho. Kuku amepatikana, hoja ya Tarumbeta imekufa, kura zinatosha. Kazi yangu ni moja: nisionekane ukumbini, asije akatolewa kitini tena. Nikae nyumbani. Nikaapa mbele ya mkewe.

Nikampigia binti yangu, nikamwambia afue nguo za mtoto, daraja linakuja. Akacheka na kulia pamoja. Nikamsikia mtoto nyuma: bibi, bibi.

Jumanne, 25 Juni

Wizi! Kupitia seng'enge nimemwona binti wa balozi anacheza na kifaranga. Cheupe pe. Cha Bi Harusi! Nikamwita mlinzi. Akasema bibi, mtoto amekipenda, balozi alikuuliza jana kama kinaweza kubaki, ukasema sawa. Nilisema sawa nikiwa na furaha! Neno la furaha si saini. Na hata saini yenyewe, si mpaka Bunge liridhie?

Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui. Wangu kaatamia, kaangua, na bado wananyang'anya! Kifaranga kimezaliwa ugenini, sawa, lakini mama yake ni raia wa hapa.

Nimefikiri sana. Alhamisi naenda. Kiapo nimekitunza: nilisema sitaonekana, sikusema sitakuwepo. Nitavaa miwani ya jua ya mkamwana, nitakaa safu ya mwisho, nitajiandikisha kwa jina la shangazi. Nitasema neno moja tu la kifaranga, kisha daraja lipite. Mheshimiwa Mwenyekiti, nitamwita, kama mtu nisiyemjua.

Ila nikimkuta amejikunja tena vile, nitamwambia akae wima. Hilo si la Bunge.