Malalamiko ya Papa Karima Kuhusu Kipindi cha Kujuana

Kwako Bwana Rais wa Kamati ya Mkutano wa Usalama wa Kompyuta, Makiso,

Baada ya heshima zote unazostahili, pamoja na nyingine nilizoazima kwa jirani, nakuandikia nikiwa na hasira, lakini hasira iliyopigwa pasi. Mimi ni mlinzi wa kompyuta katika depo moja ya dawa hapa mjini. Msimu wa mvua uliopita virusi viliingia, mashine zote zikafungwa, nami nikakaa mbele yake bila mtu hata mmoja wa kumpigia simu. Nilitia huruma, Bwana Rais. Ndiyo maana bosi wangu, Mama Ursule, alinituma kwenu na neno moja: "Papa Karima, urudi na mutu mwenye anajua hii kazi. Ukirudi mikono mitupu, bon, nitatafuta mwingine."

Nimerudi mikono mitupu. Kosa ni lenu, na sababu ni hizi:

1. Mtaalamu wenu kutoka Kinshasa, Bwana Rolly, alitufundisha kwamba watu wengi hutumia jina la mtoto wa kwanza kama neno la siri, kwa hiyo jina hilo lisitajwe hadharani. Bwana Rais, hapa Kisangani mtu akishazaa, jina lake mwenyewe linakwenda likizo. Mimi ni Papa Karima tangu binti yangu azaliwe. Hata mwenye nyumba yangu hajui kwamba naitwa Asumani. Kumbe miaka yote hiyo mtaa wetu mzima wa Mangobo ulikuwa ukipaza sauti neno langu la siri kutoka ng'ambo ya barabara, nami naitika.

2. Akaongeza: jina la mama, kijiji cha asili, shule ya kwanza, yote siri. Sasa tusalimiane kwa kitu gani? Salamu zetu ndizo hizo. Mchana, mlipofungua kile kipindi cha kujuana, tulisimama na mikate ya mafuta mkononi, kadi za shingoni tumezigeuza, kama watu waliofika kwenye msiba wa mtu wasiyemjua. Niliyesimama naye alionekana mtu mwema, tena anayeijua kazi. Nilimuuliza anatoka wapi. Akafikiri, akajibu, "Kaskazini." Nilimuuliza kama ana watoto, akasema hayo hawezi kuyathibitisha wala kuyakanusha. Tuliachana kwa heshima, kila mmoja na siri zake na mkate wake.

3. Nyumbani niliendelea kuwa mwanafunzi mwema. Mama mkwe alipiga simu, nikamwomba kwanza athibitishe kwamba ni yeye, kwa kutaja jambo analolijua yeye peke yake. Alilitaja. Simu ilikuwa kwenye spika na wageni walikuwa sebuleni. Sitalirudia hapa, ila tangu siku hiyo shemeji zangu wakiniona wanacheka.

4. Bwana Rolly alisema pia neno la siri libadilishwe kila baada ya miezi mitatu, tena liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Vema. Kwa kuwa kwetu neno la siri ni mtoto, naomba kamati igharamie akika ya binti yangu kila miezi mitatu: mbuzi, mchele, na sheikh mwenye subira wa kumpa mtoto jina lenye nyota na namba nane. Wakristo wa kule kwenye maporomoko ya mto mtapatana nao wenyewe kuhusu ubatizo. Maji wanayo ya kutosha.

Kama hayo yanawashinda, basi nipeni namba ya simu ya mwenzangu mmoja. Mmoja tu. Naogopa zile mashine kufungwa tena nikiwa peke yangu, na sioni aibu kuliandika hilo. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha vya kutosha kwa faida ya mkutano wenu.

Nisalimie wanakamati wote, waendesha toleka waliotufikisha kwa baiskeli zao, mama aliyekaanga ile mikate, na mkeo na watoto, ambao majina yao siyaulizi kwa ajili ya usalama wenu.

Ni mimi, niliyejeruhiwa na elimu,

Papa Karima,
Mangobo

Nyongeza: Nimetoka msikitini sasa hivi nikamkuta yule wa Kaskazini amekaa barazani kwangu. Anaitwa Zuberi, Papa Amani, mtu wa Bengamisa, na yeye pia bosi wake alimtuma atafute mwenzake. Aliuliza sokoni tu anakokaa mtu wa kompyuta, wakamjibu, "Yule wa mama mkwe?" wakamleta hadi mlangoni. Njiani walimpa jina la binti yangu, kijiji cha mama yangu, na shule nilikorudia darasa la tatu. Mke wangu akampa sahani ya pondu. Nilipofika alikuwa ameshaifungua kompyuta ya depo, ile ninayokuja nayo nyumbani, kwa jaribio la kwanza, ili anionyeshe. Bwana Rolly alisema kweli tupu. Futeni malalamiko yangu yote. Neno la siri nimelibadilisha papo hapo, na jipya analijua Papa Amani peke yake, maana nikilisahau nitampigia simu nani?