Chuma cha Bibi Kinaingia Mwisho

Jumatatu, 3 Machi
Damu ya Bibi ni 9.2. Daktari hapasui goti mpaka ifike 10. Ametupa wiki mbili na pakiti ya vidonge vya chuma. Bibi anataka tu kufika sokoni kwa miguu yake mwenyewe. Njia nzima ameegemea bega langu.

Nyumbani nimefungua daftari la baiolojia. Hemu, ile inayoipa damu wekundu, hujengwa na vimeng'enya vinane. Kila kimoja hufanya kazi yake na kumkabidhi mwenzake, hadi pete ya hemu ikamilike. Chuma huingizwa na cha nane. Cha mwisho kabisa! Sasa chuma cha leo kinawahi wapi?

Mpango: wiki moja mayai na maharage, pete zijengwe. Kisha chuma. Vidonge nimevificha kwenye kopo la vifungo.

Alhamisi, 6 Machi
Dada anasomea uuguzi, basi hatupumui. Ameuliza vidonge viko wapi. Nimemweleza mpango. Amecheka hadi akakaa chini. Ati mwili haukuanza ujenzi Jumatatu. Hatua zote nane zinaendelea kila sekunde, na pete za Bibi zimekaa zinangoja chuma. Ameniita Profesa.

Wivu mtupu. Vidonge nimevihamishia kwenye kiatu cha shule.

Jumapili, 9 Machi
Bibi amemaliza yai lake la kumi na mbili. Mikono yake ni ya baridi. Nimeisugua. Nimemuuliza kama amechoka na mayai.

"Nimeshakula vibaya kuliko hivi," amesema, "tena kwa watu wasionipenda."

Nimelia kidogo jikoni. Vitunguu.

Jumatatu, 17 Machi
10.3! Bibi amemwambia daktari, "Mwenye kazi ni huyu mjukuu wangu." Nilitaka kueleza zile hatua nane. Nikaishia kutazama viatu vya daktari.

Nje, Dada amenivuta pembeni. Alimletea Bibi pakiti nyingine Alhamisi ile ile. Bibi amevimeza kila siku. Na Bibi ndiye aliyemkataza kuniambia, nisije nikavunjika moyo.

Nimemuuliza Bibi. Amenifinya shavu, amesema mayai yalisaidia sana.

Bibi hasemi uongo. Kwa hiyo chuma kiliwahi mno, na pete zangu zikashinda hata hivyo.

Goti linapasuliwa Ijumaa. Nimesoma kwamba vimeng'enya vinavyoponya kidonda vinahitaji zinki. Bati la paa letu limepakwa zinki.

Kesho naazima ngazi.